Zoezi la SRT likitoa data za ajabu: kutoka dalili hadi chanzo

Zoezi la mfuatano la muda wa mwitikio, ambalo watafiti hulitaja kwa kifupi cha SRT, ni rahisi kulieleza. Alama inatokea katika mojawapo ya nafasi nne kwenye skrini, mshiriki anabonyeza kitufe cha nafasi hiyo, alama nyingine inatokea, na kazi inaendelea hivyo kwa mamia ya hatua. Mshiriki haambiwi kwamba nafasi hizo zinafuata mpangilio unaojirudia. Mary Jo Nissen na Peter Bullemer walilitumia mwaka 1987 kwa mfuatano wa hatua kumi, wakaonyesha kwamba hata wagonjwa wa Korsakoff, ambao kumbukumbu yao imeharibika vibaya, waliongeza kasi kwenye mfuatano huo bila kutambua kwamba upo.

Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Mtu anaandika programu kwa siku mbili, anakusanya data kwa mwezi mzima, kisha anafungua faili na kukuta namba zisizosema lolote, au zinazosema mambo makubwa mno kuaminika. Kabla ya kulaumu washiriki, kumbuka kwamba SRT haipimi kasi. Inapima tofauti kati ya kasi mbili: kasi ya mtu pale mfuatano unapofuatwa, na kasi yake pale unapovunjwa. Watafiti hutumia muda mwingi kuutunga mfuatano na dakika chache tu kufikiria kinacholinganishwa nao, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu inatoka katika upande huo wa pili.

Jambo la kufanya kabla ya takwimu yoyote: chora mstari wa kila mshiriki peke yake, bloku kwa bloku (bloku ni fungu la hatua linalofuatwa na mapumziko mafupi). Wastani wa kundi huficha karibu kila dalili nitakayoitaja.

Kasi inaongezeka kila bloku, lakini mfuatano ukivunjwa hakuna anayeshtuka

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Grafu inashuka vizuri kutoka milisekunde 550 hadi 420, kila mtu anafurahi, kisha bloku ya nasibu, ambayo nafasi zake hazifuati mfuatano, inafika na mstari unaendelea pale pale. Maana yake ni kwamba washiriki walizoea vitufe, skrini na mwendo wa vidole, basi. Kushuka kwa mstari peke yake hakujawahi kuwa ushahidi wa kujifunza mfuatano.

Huenda kweli hawakujifunza. Mfuatano wa hatua kumi na mbili ukirudiwa mara nane kwenye bloku, na bloku zikawa tatu, mtu ameuona mara ishirini na nne tu. Kwa mfuatano mgumu hizo ni chache. Lakini kabla ya kuongeza bloku, kagua faili la data, kwa sababu mara nyingi kujifunza kulikuwepo na programu ndiyo iliyokuficha.

Chukua safu ya nafasi zilizoonyeshwa kwa mshiriki mmoja, usome kwa macho, si kwa msimbo. Je, mfuatano unajirudia bila kukatika? Kosa linaloonekana mara kwa mara ni amri ya kuchanganya ambayo ilikusudiwa kwa bloku ya nasibu lakini imewashwa kwa bloku zote. Lingine ni programu kuanza upya mwanzo wa mfuatano kila mshiriki anapokosea, hivyo mtu mwenye makosa mengi anaona vipande vya mwanzo mara nyingi na vipande vya mwisho mara chache. Kosa la tatu ni bloku zote kuanzia hatua ile ile ya mfuatano, jambo linaloufanya mwanzo uonekane waziwazi.

Kisha kagua lebo. Ukichanganua kwa tripleti, yaani hatua tatu zinazofuatana, lebo lazima ikae kwenye hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayotabiriwa na mbili zilizotangulia. Tuseme nafasi zilikuwa 3, 4, 2, 3. Muda wa mwitikio kwa 2 unahusu tripleti 342, na muda wa 3 ya mwisho unahusu 423. Msimbo ukihesabu kutoka hatua ya kwanza badala ya ya tatu, kila muda unapewa jina la tripleti isiyo yake na tofauti yote inafifia hadi sifuri. Hali hiyo hiyo inatokea ukifuta mistari yenye makosa kwanza, halafu ndipo ukaunda tripleti: hatua zinazoonekana jirani kwenye jedwali hazikuwa jirani kwenye skrini. Weka lebo kwanza, futa baadaye. Na hatua mbili za mwanzo wa kila bloku hazina tripleti, ziachwe tupu.

Kama msimbo ni safi, angalia bloku ya kulinganisha. Hapa kuna jambo ambalo watu hawalioni mpaka walihesabu. Ukiwa na nafasi nne na ukakataza marudio ya papo hapo, kuna tripleti 36 zinazowezekana (4 × 3 × 3). Mfuatano wa hatua kumi na mbili uliotungwa vizuri unatumia 12 kati ya hizo. Kwa hiyo katika bloku yako ya nasibu, theluthi moja ya hatua zinaufuata mfuatano uliofundishwa kwa bahati tu. Mshiriki anazijibu hizo kwa kasi, nawe unazihesabu kuwa ushahidi kwamba hakujifunza. Tiba ni kulinganisha na mfuatano mwingine wa aina ile ile usioshiriki hata tripleti moja na wa kwanza, au kuchanganua bloku ya nasibu kwa tripleti badala ya kuimeza nzima.

Tofauti ni kubwa mno, tena mapema mno

Unaona pengo la milisekunde 100 au zaidi ifikapo bloku ya tatu. Usishangilie bado.

Kwanza angalia kama mfuatano na bloku ya nasibu vinatofautiana kwa mambo mepesi. Mfuatano wa Nissen na Bullemer ni mfano mzuri wa kusomea. Tukizipa nafasi herufi kutoka kushoto kwenda kulia, ulikuwa D-B-C-A-C-B-D-C-B-A. Hesabu: A mara mbili, B mara tatu, C mara tatu, D mara mbili. Mtu akijifunza tu kwamba nafasi za katikati zinatokea zaidi, atajibu B na C haraka zaidi, na hajajifunza mfuatano wowote. Sasa tazama jozi. Baada ya C, mara mbili kati ya tatu inakuja B. Baada ya A haiji B kamwe. Anayejua hizo jozi tu anapata faida kubwa bila kukumbuka zaidi ya hatua moja nyuma. Ongeza ukweli kwamba bloku ya nasibu kamili ina marudio ya papo hapo kwa robo ya hatua, wakati mfuatano wenyewe hauna hata moja, nawe una tofauti tatu zilizorundikana ndani ya namba moja.

Ndiyo maana kazi ya Jonathan Reed na Peder Johnson ya mwaka 1994 ilikuwa muhimu. Walisisitiza mifuatano ambayo hatua moja iliyotangulia haitabiri chochote, unahitaji mbili. Jozi iliyotumika sana tangu hapo ni hii:

3-4-2-3-1-2-1-4-3-2-4-1
3-4-1-2-4-3-1-4-2-1-3-2

Zikague mwenyewe kwa kalamu, inafaa. Kila nafasi inatokea mara tatu katika kila mfuatano. Kila jozi kati ya 12 zinazowezekana inatokea mara moja tu, ukihesabu pia mwisho unavyorudi kuungana na mwanzo. Kila mmoja una mrejeo mmoja tu wa kwenda na kurudi: 121 kwa wa kwanza, 323 kwa wa pili. Na hakuna tripleti inayopatikana kote kuwili: baada ya 3-4 wa kwanza unaleta 2, wa pili unaleta 1. Ukimfundisha mtu mmoja wapo kisha ukambadilishia ghafla kwenda mwingine, akipunguza kasi huwezi kusingizia nafasi, jozi wala marudio. Nusu ya washiriki wafundishwe wa kwanza, nusu wa pili.

Baada ya kubadilisha, rudisha mfuatano wa awali kwa bloku moja. Usipofanya hivyo, msomaji makini atauliza kama walipunguza kasi kwa sababu ya mfuatano au kwa sababu walishachoka. Kasi ikiharibika na kisha ikarudi, swali hilo linakwisha.

Chanzo cha pili cha pengo kubwa ni kwamba mshiriki ameugundua mfuatano. Hii ina alama zake kwenye data ya mtu mmoja mmoja: mstari haushuki polepole, unaporomoka kwa ghafla kati ya bloku mbili, na miitikio ya chini ya milisekunde 100 inaanza kujaa. Hakuna anayeona alama, akachagua kitufe na kubonyeza ndani ya muda huo. Anabonyeza kwa kubashiri. Kama mtindo huo uko kwa watu wawili watatu, ripoti uwepo wao na uchanganue pamoja nao na bila wao. Kama uko kwa nusu ya kundi, zoezi lako si la ujifunzaji fiche, yaani kujifunza bila kujua kwamba unajifunza, tena na muundo unahitaji kubadilika. Fupisha pengo kati ya mwitikio na alama inayofuata, kwa kuwa pengo refu humpa mtu nafasi ya kutafakari. Au tumia mfuatano wa uwezekano, ambapo sehemu kubwa ya hatua zinafuata mfuatano mmoja na chache, tuseme 15 kwa 100, zinachepuka kwenda ule mwingine. Machepuko hayo yana faida nyingine kubwa: unapata kipimo cha kujifunza ndani ya kila bloku, huna haja ya kungoja mwisho.

Tofauti ipo tangu bloku ya kwanza

Hakuna anayejifunza kabla ya kufundishwa. Ukiona tripleti za mfuatano zinajibiwa haraka kuliko nyingine tangu mwanzo kabisa, umekutana na mazoea ambayo watu huja nayo vidoleni. Kurudia kitufe kile kile si sawa na kuhama, na kwenda na kurudi (121, 343) kuna kasi yake tofauti hata kwa mtu ambaye hajawahi kuliona zoezi.

Tatizo hili linajitokeza wazi katika ASRT, toleo la James Howard na Darlene Howard la mwaka 1997, ambapo hatua za mpangilio zinapishana na za nasibu: 1, nasibu, 2, nasibu, 3, nasibu, 4, nasibu. Kuna tripleti 64. Kumi na sita zinatokea mara nyingi, kwa kuwa zinaweza kuundwa kwa mpangilio na pia kwa bahati; 48 zinatokea mara chache. Kila tripleti ya kundi la kwanza inatokea takriban mara tano zaidi ya kila moja ya kundi la pili. Sasa angalia marudio kama 111 na mirejeo kama 121. Zote kumi na sita ziko kundi la nadra, kwa kila mpangilio unaoweza kuuchagua kwa nafasi nne, hivyo kusawazisha mifuatano kati ya washiriki hakuziondoi. Lazima uzitupe kwenye uchanganuzi. Unabaki na 16 za mara kwa mara dhidi ya 32 za nadra, na hizo zilizobaki ndizo kusawazisha kunakoweza kuzitendea haki: tripleti iliyo nadra kwa mtu huyu ni ya mara kwa mara kwa mwingine.

Mwenye bloku ya nasibu isiyo na marudio ana tatizo lile lile kwa sura nyingine. Katika bloku hiyo mirejeo ni 12 kati ya tripleti 36, yaani theluthi. Katika mfuatano wa kuzingatia hatua mbili kama ile niliyoandika juu, ni mmoja kati ya kumi na mbili.

Namba zenyewe zina sura isiyo ya kawaida

Chora mgawanyo wa muda wote kwa vipande vya milisekunde moja. Ukiona vilima vilivyoachana kwa nafasi sawa, kana kwamba muda unapenda namba fulani, hicho ni kifaa kinachosema. Vilima kila milisekunde 8 hutokana na kibodi ya USB inayoulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde. Vilima kila milisekunde 16 au 17 vinaashiria kwamba programu inasoma vitufe mara moja kwa kila fremu ya skrini ya hertzi 60, badala ya kuandika wakati halisi wa kubonyeza.

Je, hilo linaua matokeo? Mara nyingi haliui. Ucheleweshaji usiobadilika unajitoa wenyewe unapotafuta tofauti, na ule unaobadilika ovyo unapungua makali kwa mamia ya hatua. Hatari ni ucheleweshaji unaobadilika pamoja na hali unayolinganisha. Kwa mfano, programu inayohesabu hatua ya nasibu papo hapo, huku ya mfuatano ikiisoma kutoka kwenye orodha iliyokwisha kuandaliwa, inaweza kuchelewesha hali moja kuliko nyingine. Andaa orodha zote kabla bloku haijaanza. Kwa tafiti za mtandaoni usilinganishe makundi mawili yanayotumia vifaa tofauti kwa muda ghafi. Kibodi isiyo na waya na skrini ya kugusa vinaongeza kila kimoja kiasi chake.

Makosa yanayokuja mawilimawili yana chanzo kingine. Mshiriki anabonyeza kitufe sahihi na kuchelewa kuinua kidole. Mfumo wa kompyuta unaanza kurudia kitufe hicho wenyewe. Alama mpya imeshatokea. Na programu inaandika jibu lisilo sahihi ambalo halikutolewa na mtu. Pengo kati ya mwitikio na alama inayofuata likiwa sifuri hali hii inaongezeka. Zima kujirudia kwa kitufe, au ielekeze programu isipokee kitufe ambacho hakijainuliwa. Vivyo hivyo futa foleni ya kibodi kabla ya kila alama, lakini usizitupe data hizo. Ziandike kwenye safu yake, kwa sababu kubonyeza kabla ya alama kutokea ni habari muhimu kuhusu nani anabashiri.

Swali jingine ambalo ni lazima uwe na jibu lake: mshiriki akikosea, programu inasonga mbele au inangoja jibu sahihi? Ikiwa inangoja, muda ulioandikwa ni wa mbonyezo wa kwanza au wa ule uliokuwa sahihi? Hizo ni namba mbili tofauti. Hifadhi zote, chambua hatua zilizojibiwa sahihi kwa mara ya kwanza, na uondoe pia hatua inayofuata kosa, kwa kuwa watu hupunguza mwendo baada ya kukosea.

Kujifunza kunapotea ndani ya bloku na kurudi baada ya mapumziko

Mstari unapanda ndani ya kila bloku, kisha unashuka ghafla bloku mpya inapoanza. Uchovu wa muda mfupi unajijenga hatua kwa hatua na mapumziko yanaufuta. Bloku ndefu zinauzidisha.

Hili linakuwa baya pale mtu anapotafuta faida ya usingizi. Anachukua mwisho wa kikao cha jana, anaulinganisha na mwanzo wa kikao cha leo, anaona milisekunde 30 zimepatikana usiku, na anaandika kwamba ubongo uliimarisha mfuatano mtu akiwa amelala. Huenda usiku uliondoa uchovu tu. Linganisha tofauti kati ya mfuatano na nasibu, wala si kasi ghafi, na uweke kundi lililopumzika kwa muda ule ule likiwa macho.

Walio polepole wanaonekana kujifunza zaidi

Mtu anayejibu kwa wastani wa milisekunde 800 akishuka hadi 760 amepata 40. Anayejibu kwa 400 akishuka hadi 380 amepata 20. Kwa uwiano wote wamepata asilimia 5. Ukilinganisha vijana na wazee, au wagonjwa na wenye afya, kwa milisekunde ghafi, unaweza kutangaza kwamba wazee wanajifunza maradufu. Gawanya tofauti kwa wastani wa mtu mwenyewe, au tumia logi ya muda, kisha useme kama hitimisho limebaki. Likigeuka kutokana na kipimo ulichochagua, msomaji ana haki ya kuliona hilo kwenye ripoti.

Angalia makosa pia. Kundi linaloweza kuonekana halijifunzi kwa kasi huenda linajifunza kwa makosa: kadiri mfuatano unavyozoeleka, watu hukosea zaidi pale unapovunjwa, na kosa lenyewe mara nyingi ni kubonyeza nafasi ambayo mfuatano ungeileta. Maelekezo yako yana mkono hapa. Ukisisitiza usahihi mno, watu wanajibana na makosa hayo hayatokei. Ukisisitiza kasi mno, yanafurika na muda unapoteza maana.

Kipimo cha ufahamu kinakana au kinapingana na kingine

Hapa, tunapopima kama mshiriki anajua kwamba mfuatano ulikuwepo, ndipo mabishano makubwa ya fani yalipo, na ndipo watu wanapokosea wakiwa na nia njema kabisa.

Kuuliza tu "Je, uliona mpangilio wowote?" hakutoshi. Anayeshuku kidogo hasemi. David Shanks na Mark St. John walilieleza hili mwaka 1994: kipimo cha ufahamu lazima kiulize kuhusu habari ile ile inayoendesha kasi, na kiwe na hisia kali kiasi cha kunasa ujuzi wowote wa dhahiri uliopo. Swali la mdomo linashindwa masharti yote mawili. Kwa hiyo wengi huongeza zoezi la kuzalisha: mshiriki anaombwa kubonyeza mfuatano aliouona, kisha katika sehemu ya pili anaombwa kubonyeza chochote isipokuwa ule. Arnaud Destrebecqz na Axel Cleeremans walitumia njia hii mwaka 2001, wakaripoti kwamba pengo kati ya hatua lilipokuwa sifuri watu walishindwa kuuzuia mfuatano usijitokeze hata walipoambiwa wauepuke. Mwaka 2004 Leonora Wilkinson na David Shanks walijaribu tena na hawakupata matokeo hayo.

Unapopata matokeo yako mwenyewe, anza na swali la kubahatisha ni kiasi gani. Mshiriki akiruhusiwa kurudia kitufe, tripleti zinazowezekana ni 64, na 12 za mfuatano ni asilimia 19. Akikatazwa, ni 12 kati ya 36, asilimia 33. Watu wengi hawarudii vitufe hata wasipokatazwa, kwa hiyo ukitumia 19 kama kiwango cha kubahatisha utawaita wajuzi watu wasiojua lolote. Na si hivyo tu. Anayebonyeza bila mpango hupenda kukimbia kwa mstari, 1-2-3-4, ambao una 234 ndani yake. Tripleti hiyo iko kwenye mfuatano wa pili kati ya ile miwili niliyoandika, haiko kwenye wa kwanza. Anayekimbia kurudi nyuma, 4-3-2-1, anaangukia 432, ambayo ni ya mfuatano wa kwanza. Kiwango sahihi ni kile mtu mwenyewe anachozalisha cha mfuatano ambao hakufundishwa. Toa hicho kutoka kwa kile cha aliofundishwa, basi utakuwa na namba ya kuongelea.

Zoezi la kutambua, ambapo mtu anaonyeshwa vipande na kusema ni vya zamani au vipya, lina mtego wake: akilazimika kuvibonyeza, vidole vinateleza kwa urahisi kwenye vya zamani na mteremko huo unamsaidia kukisia. Ametambua, lakini je, kwa kukumbuka au kwa kuhisi wepesi? Linganisha alama anazotoa na kasi yake kwenye vipande hivyo hivyo.

Kosa zito kuliko yote ni kusema "kipimo cha ufahamu hakikufikia kiwango cha kitakwimu, kwa hiyo ujifunzaji ulikuwa fiche." Kipimo cha kasi kina mamia ya hatua kwa mtu, cha ufahamu kina majibu kumi na mawili au ishirini na manne. Chenye data chache kitashindwa kugundua kitu hata kama kipo. Miguel Vadillo, Emmanouil Konstantinidis na Shanks walilionyesha hilo mwaka 2016 kwa zoezi jirani, lile la kutafuta kitu katika mipangilio inayojirudia: ukikusanya tafiti nyingi zilizosema hakuna ufahamu, kwa pamoja zinaonyesha ufahamu upo. Ongeza majibu kwenye kipimo, ongeza washiriki, na uripoti ukubwa wa athari pamoja na mipaka yake.

Wala usijaribu kulikwepa kwa kuchagua baada ya hapo wale waliopata alama ndogo za ufahamu na kuonyesha kwamba nao walikuwa na kasi. Kipimo chenye kelele kikikupa kundi la alama za chini, baadhi yao wako pale kwa bahati mbaya ya siku hiyo tu. Wapime tena na watapanda. Kasi yao inatoka kwa ujuzi ambao kipimo chako kiliukosa.

Kujifunza kupo kwa kundi, lakini hakuhusiani na kitu kingine chochote

Umepata athari safi ya kundi, karibu kila mshiriki anaionyesha, kisha unaitafutia uhusiano na uwezo wa lugha au kumbukumbu na unapata sifuri. Usikimbilie kusema ujifunzaji fiche hauhusiani na akili. Pima kwanza uthabiti wa kipimo chako, yaani kinampa mtu yule yule namba zinazokaribiana kiasi gani kikirudiwa.

Tuseme wastani wa hatua za mfuatano una uthabiti wa 0.9, wa hatua za nasibu vilevile 0.9, na vyote viwili vinahusiana kwa 0.85, kwa kuwa mtu mwepesi ni mwepesi kote. Uthabiti wa tofauti yao ni (0.9 − 0.85) ÷ (1 − 0.85), yaani takriban 0.33. Vipimo viwili bora vimezaa kimoja hafifu. Sasa chukua uhusiano halisi wa 0.5 na mtihani wa lugha wenye uthabiti wa 0.8: utakachoona kwenye data ni kama 0.26, na kwa washiriki 40 huna uhakika hata wa kukitofautisha na sifuri. Craig Hedge na wenzake waliandika mwaka 2018 kuhusu mgongano huu kwa mazoezi mengine ya kasi: zoezi linalotoa athari imara kwa kila mtu ni lile ambalo watu hawatofautiani sana, na hilo hilo ndilo baya kwa kupima tofauti kati ya watu.

Gawa hatua zako katika za namba witiri na za namba shufwa, hesabu tofauti ya kila nusu, tazama zinahusiana kiasi gani, sahihisha kwa kanuni ya Spearman na Brown, inayokadiria uthabiti wa kipimo kizima kutokana na nusu zake. Fanya hivyo kwa data za majaribio ya awali, kabla ya kukusanya zilizobaki. Ukipata namba ya chini, ongeza hatua kwa kila mtu kabla ya kuongeza watu. Wape wote mfuatano ule ule kwa mpangilio ule ule wa bloku, kwa sababu kusawazisha kunakosaidia ulinganisho wa makundi kunaongeza tofauti za uongo kati ya mtu na mtu. Na uchanganuzi unaoingiza kila hatua kwenye modeli moja, badala ya kuikamua kila mtu namba mbili na kuzitoa, utakuonyesha ni kiasi gani cha tofauti hizo ni za watu wenyewe na kiasi gani ni kelele ya siku ile.